Wifi Anayenifundisha Kumwandikia Mwanangu

Wifi yangu hakai kabla sijamwambia. Pale mapokezi ana kiti chake cha kuzunguka, lakini akiingia chumba cha mashuka ninakopigia pasi, husimama mlangoni kama mgeni aliyekosa nafasi. Namwacha asimame kidogo, ndipo nasema, "Kaa basi, wifi."

Ni dada wa aliyekuwa mume wangu. Kazi hii ya nyumba ya wageni alinitafutia yeye, bila kuombwa. Nikiumwa, hupiga pasi badala yangu na viatu vyake vya kisigino. Wenzangu husema nimepata wifi wa peponi. Hawajui anacholipa.

Mwanangu alikuwa na miaka mitano baba yake alipopata kazi ng'ambo. Wifi akaja, akafunga begi la mtoto kwa mikono yake mwenyewe. "Anakwenda likizo tu, wifi. Akirudi utamchoka." Alijua harudi. Sasa mtoto ana ndevu, na Kiswahili kimemtoka chote.

Mwaka huu aliniandikia kwa mara ya kwanza, baruapepe ya Kiingereza kwenye simu ya shangazi yake. Aliuliza jambo moja: kwa nini nilikubali aende.

Mimi shule niliiona kwa nje. Nilikataa wifi anijibie. Nikajiunga na darasa lake la Kiingereza, analowafundisha wahudumu wa mezani mchana, humu humu kati ya mashuka.

"Barua ya rafiki si ya kuomba kazi," husema. "Salamu fupi, jina lake, mkato. Mshukuru kwa barua yake, umuulize hali. Sema kwa nini unaandika. Kisha mpe habari moja tu, lakini mpaka aione. Usifunge bila kumuuliza kitu, utamnyima la kujibu. Mwisho, neno la upendo na jina lako."

"Salamu neno moja, mwalimu?" akauliza mhudumu mmoja mtani. "Mama akiipata atadhani nimenuna."

"Mamako mwandikie Kiswahili, ujaze ukurasa kwa shikamoo."

Habari yangu moja ilikuwa lile begi. Niliiandika kwa maneno ya kuokoteza: mtu mmoja alikufungia begi, akaniambia ni likizo. Mlipoondoka nikaukuta mswaki wako kwenye kikombe. Nikauacha palepale, nikijua unarudi.

Wahudumu walipokwenda kupanga meza, nikampa wifi barua yangu. Aliisoma amesimama. Akasahihisha kwa kalamu nyekundu, hakuruka kosa. Alipofika kwenye "mtu mmoja", kalamu ikasimama.

"Nimekosea hapo?" nikamuuliza. Nilikuwa naisubiri sura yake ile kwa miaka.

"Hapo ndipo." Akakata, akaandika juu yake: shangazi yako.

Pasi ilikuwa inatoa mvuke. Nikaiinua isije ikaunguza shuka.

"Nilimwambia wewe ndiye uliyekubali," akasema. "Kila alipouliza. Ilikuwa rahisi, hukuwepo kunikanusha."

"Na leo?"

"Leo atanichukia. Hana mwingine wa kumpigia simu akigombana na baba yake, ni mimi tu." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Swali lako la kufungia barua liko wapi? Sijaliona."

Sikuwa nalo. Barua nzima nilikuwa nimemwandikia wifi, mwanangu nikamsahau ndani yake. Nikaona aibu, nikakasirika kuiona. Mwishowe nikamwambia aweke: siku hizi ukiumwa, nani anakuangalia?

Akaichapa yote kwenye simu, na "shangazi yako" ndani yake. Akanipa. "Bonyeza wewe."

Ningeweza kulifuta lile neno. Nilibonyeza.

Nilidhani moyo utapoa. Wifi alibaki wima katikati ya chumba, mikono imemning'inia.

"Kaa basi, wifi," nikasema, na safari hii sikuwa nimemchelewesha.

Hakukaa. Alivuta rundo la foronya akaanza kukunja, vibaya, kona hazikutani. Nikamwacha akunje.