Shamba la Baba Ndani ya Chupa

Upande wa kushoto wa baba ulikufa katika msimu wa kupanda pamba. Mama, aliyekuwa mbele yake kwenye tuta lingine, alidhani ameinama kung'oa gugu, akaendelea kulima mpaka mwisho wa tuta. Habari zilinikuta Tororo baada ya wiki tatu. Si kwamba Tororo ni mbali na kwetu Sikuda. Hakuna aliyejua nalala wapi. Mwaka ule nilikuwa nimeshabeba mawe kwenye reli, nimeosha malori, nimepaka chokaa nyumba za maofisa, na kila kazi niliiacha nilipokwisha kuelewa inafanywaje. Hata shule niliiacha hivyo hivyo, darasa la nne, nilipogundua kwamba majibu ya hesabu yameandikwa nyuma ya kitabu cha mwalimu.

Nilimkuta baba amelazwa sebuleni, mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka mazito lakini yanatoka. Ndugu zangu walikuwa wamembeba na kitanda chake hadi uani mara mbili apate jua. Mara ya kwanza aliiona pamba yake imemezwa na majani, akalia. Mara ya pili watu waliokuwa wakienda sokoni Busia walisimama kumsalimia, na tangu hapo akakataa kutolewa nje.

"Mimi si gunia," alisema.

Kesho yake aliniita kitandani. Akanyanyua mkono wa kulia, akaufumba na kuufumbua mbele ya uso wangu.

"Huu haujafa. Utafutie kazi."

Kusokota kamba kunataka mikono miwili. Kupukuchua mahindi vilevile. Nilikaa siku nne nikizipitia kazi za mkono mmoja kichwani, na zote zilikuwa za kula.

Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona Tororo, kwenye veranda ya nyumba moja niliyoipaka chokaa. Kilikuwa kisanduku cha kioo kilichofungwa pande zote, na ndani yake mimea mibichi, kioo kinatoka jasho. Nilimuuliza mpishi wa pale nani anamwagilia.

"Hakuna," alisema. "Maji yanapanda yenyewe, yanashuka yenyewe, humo humo. Haiguswi hiyo. Usiipe kitu, usitoe kitu."

Nilirudi Tororo kwa baiskeli. Fundi mmoja wa malori alinipa chupa kubwa iliyokuwa na asidi ya betri, tumbo lake kama mtungi, shingo yake haipitishi hata ngumi. Niliisuuza kwa maji ya majivu mpaka mikono ikaniwasha, nikaifunga kwa magunia nyuma ya baiskeli, nikatembea nayo kwa miguu sehemu zote zenye mashimo, yaani karibu njia nzima.

Mama alinipokea uani. "Wenzako wakitoka Tororo wanaleta blanketi."

"Ni shamba, mama."

Aliitazama chupa, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Nilipanga kokoto chini, juu yake makaa yaliyopondwa, kisha udongo mweusi wa kijitoni. Kwa kuwa mkono hauingii, nilinyoosha njiti mbili za gurudumu la baiskeli. Moja nikaipinda ncha iwe kijembe, nyingine nikaipasua ncha iwe koleo. Kwa hizo nilitandaza yale majani mafupi laini yanayoota juu ya mawe ya mtoni, na katikati nikapanda kangaga tatu, zile za kivulini zenye majani kama vichana. Nikaziba shingo kwa gunzi lililofungwa kitambaa. Kazi ilichukua asubuhi yote. Baba alinitazama bila kupepesa, na kila nilipokosea alitoa sauti puani.

Asubuhi ya pili ukungu ulijaa ndani ya kioo, kisha matone yakaanza kuteremka.

"Imenyesha," baba akasema. Akamwita mama aje aone. Mama akaja, akasema ndiyo, imenyesha.

Watu wakaanza kuja. Jirani yetu, mzee wa kanisa mwenye mdomo, alizunguka chupa mara mbili akiwa ameweka mikono mgongoni.

"Haya majani yamekosa nini?" aliniuliza. "Hayakulipa kodi?"

"Yamefungwa maisha," baba akajibu, na upande wake mmoja wa uso ukacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu nifike.

Lakini mkulima halitazami shamba tu. Siku ya kumi baba aliniambia majani yamepauka.

"Hiyo ni njaa. Weka mbolea."

"Baba, yule mpishi alisema isipewe kitu."

"Mpishi huyo amelima ekari ngapi?"

Mimi mwenyewe sikuwahi kunyoosha tuta likanyooka. Yeye alikuwa mtu ambaye watu walitoka Masinya kuja kuuliza wapande lini. Nilikwenda zizini, nikachukua samadi iliyokauka, nikaiponda, nikaimimina kwa bomba la gazeti. Akaniambia niongeze. Nikaongeza.

Siku ya tatu baada ya hapo nyuzi nyeupe zilitanda juu ya udongo. Siku ya tano zilikuwa zimepanda kwenye majani, laini, nene, na nilipotoa gunzi harufu yake ilimkimbiza mama nje.

"Pamba imefunguka," alisema mzee wa kanisa. "Leteni mifuko."

Safari hii baba hakucheka. "Ni magugu," alisema. "Nipe kijembe."

Tulimwinua, tukamwegemeza kwa mito miwili na gunia la mtama, nami nikaishika chupa mapajani mwake. Akaingiza njiti. Mkono ule aliouita mzima ulikuwa ukitetemeka. Nadhani hakujua ulivyokuwa ukitetemeka mpaka chuma kilipogonga kioo, ti-ti-ti-ti. Niliweka vidole vyangu juu ya vyake.

"Toa mkono wako."

Nikautoa.

Alilima kutoka ukingoni kwenda katikati, kama anavyolima kila mtu kwetu, akivuta udongo kwake. Alivuta utando mweupe, akavuta na yale majani laini ya mtoni, ambayo kwake yalikuwa gugu kama magugu mengine. Jasho lilimtoka. Kisha kijembe kikanasa kangaga ya kwanza, akaivuta, nikaona mizizi yake myeusi ikitoka juu na kulala. Nilifungua kinywa nimwambie. Macho ya baba yalikuwa yamefifia kwa vitu vya karibu tangu siku ile ya shambani, na kupitia kioo chenye jasho aliona tu kwamba weupe umepungua. Akasogea kwa ya pili. Nilimtazama mama. Alitikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

Ya pili nayo ikalala.

"Sasa limepumua," baba alisema. Alikuwa akihema, na ile nusu ya uso iliyobaki na uhai ilikuwa na nuru. Akanipa njiti, akataka maji, akanywa kikombe kizima bila kusaidiwa. "Funika. Upande ule mwingine tutaumaliza kesho, nikipata nguvu."

Nilirudisha gunzi. Upande ule mwingine kulikuwa na kangaga moja, imesimama.

Asubuhi aliamka kabla yetu wote. Nilimsikia akiniita, na nilipoingia alikuwa tayari amenyoosha mkono, kiganja juu, anangoja kijembe.

Nikampa.