Muzigo Niliopokea Kwenye Ukuta wa Bwawa

Mwenye kutaka kucheka, acheke sasa, tumalize. Mimi niko mutoto wa haya. Darasani, hata mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua vizuri, naangalia viatu vyangu. Mutu wa namna hiyo atapata wapi nguvu ya kutunga uongo? Haya yalinipata mimi mwenyewe, kule Nyantende, vakansi kubwa iliyopita, masomo yakiwa yamefungwa, na shingo yangu bado inakumbuka.

Kila vakansi papa anatutuma kwa koko, mama yake: mimi, na Nabintu, binti ya tonton, ndugu ya papa. Mwaka huo tulijipa kazi moja, kutembea njia zote zinazozunguka mabwawa ya samaki. Bwawa kubwa liko juu, limezibwa kwa ukuta wa udongo ambao Wabeleji walijengesha zamani. Chini yake mabwawa madogo ya tilapia yanashuka kama ngazi mpaka bondeni. Njia zingine watu wanazipita kila siku, zingine zimemezwa na matete. Nabintu alikuwa anatangulia, anaongea, mimi nyuma nasikiliza. Kwangu hiyo njo raha.

Shida ilikuwa watu wa njiani. Nilikuwa nawapita kichwa chini, na jioni koko ananigombeza. "Ukipita bila kusalimia," alikuwa anasema, "mutu atajuaje kama uko muzima?"

Ikabaki njia moja tu, ile inayozunguka bwawa kubwa na kupita juu ya ukuta, ambayo watu hawaipendi jua likianza kushuka. Nabintu akasema leo tunamaliza: yeye azunguke upande wa kuume, mimi wa kushoto, tukutane pale maji yanapotokea. Wa mwisho kufika atamuchotea koko maji juma zima.

Nilikuwa nimefika katikati ya ukuta nilipomuona maman mumoja amekaa kando ya njia, na kitunga kimefunikwa majani ya ndizi. Kikwembe alichojifunga kilikuwa kinachuruzika maji. Nilifikiri ametoka kufua.

"Mwanangu," akasema, "unitwike."

Kwetu hilo hakuna anayelikataa. Muzigo mukubwa haupandi kichwani peke yake, anayepita njo anausaidia kupanda, hata kama ni adui yako. Lakini kwanza munasalimiana. Unatoka wapi, kwenu hawajambo, unaenda kwa nani? Hapo njo nilikosea. Niliona haya ya salamu, nikajiambia: nikimutwika haraka, hatutaongea. Nikainama, nikanyanyua kitunga.

Kilikuwa chepesi kama manyoya. Nilikuwa nakipeleka kwake, niamini, kwake kabisa, halafu nikakikuta kiko juu ya kichwa changu mwenyewe, mikono imegandamana nacho, na kimekuwa kizito kama jiwe la kusagia. Yeye akasimama, akajinyoosha mugongo kama mutu aliyetoka kulima.

"Aksanti," akasema. "Muda murefu nimengoja wa kunipokea. Sasa na wewe utangoja wako."

Miguu yangu ikaacha njia. Sikuituma mimi. Iliteremka kwenye bwawa, maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Ngambo nilikuwa namuona Nabintu anatembea, anapigapiga matete kwa fimbo. Kumuita tu kungetosha. Lakini niliona haya kupaza sauti, kama darasani. Unajua mutu anaweza kufa kwa sababu ya haya? Mimi nilibakiza kidogo.

Maji yaliponigusa kifua, nikakumbuka maneno ya koko. Nikageuza macho kwa yule maman, na sauti ikatoka, sauti ambayo sikujua niko nayo.

"Jambo, maman! Kwenu hawajambo? Uko mama ya nani?"

Akafungua kinywa ili anijibu. Yakatoka maji tu.

Nikamusalimia tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mulima ukaitika. Na ngambo Nabintu akajibu, "Jambo!" Na kule bondeni watu waliokuwa wanasafisha mabwawa wakajibu nao, jambo, jambo sana, sawa vile watu wazima wanavyojibu. Kila jibu lilipunguza uzito wa kitunga. La mwisho likakiangusha, kikazama bila sauti. Yule maman hakuwapo tena, na pale alipokaa udongo ulikuwa mukavu.

Nabintu akafika mbio, akanivuta. "Ni wewe njo uliita vile? Nilizani ni kengele ya misioni."

Nilimwambia bado njia haijaisha. Tukaimaliza, nguo zangu zinachuruzika, na safari hiyo mimi njo nilitangulia. Sikumupita mutu bila kumusalimia, hata wale watoto wa kuchunga mbuzi walioniogopa. Koko alinisikia tangu mbali, akatoka mulangoni aone ni nani huyo.

Leo kwenye masomo, asubuhi mbele ya bendera, mimi njo ninaanzisha wimbo, na darasa zote zinanifuata. Lakini pale kitunga kilipokaa, nywele zangu hazikauki, hata jua likiwa kali. Nabintu akinisuka anapanguza vidole kwenye kikwembe chake.

Nawe ukipita kwenye mabwawa, usikatae kumutwika mutu. Ila musalimie kwanza, na ungoje akuitikie.