Lenzi Kabla ya Blanketi

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, maana mashemeji zangu wote wako kwa hii page na mmoja wao anapenda kukomenti kuliko kula.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, naishi Kitengela, kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Mke wangu, tumwite Mwende, ana mimba ya mtoto wetu wa kwanza na siku zake zimekaribia. Sisi wote ni Wakamba. Wazazi wake walihamia Kimuka, hapa hapa Kajiado, zamani, wanalima na kufuga huko. Nawaeleza hivi kwa sababu kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, heshima ya mkwe. Sikai chumba kimoja na mama mkwe, simpi mkono, na akipita mimi natazama chini. Wengi wameacha haya mambo, lakini mama ni wa kanisa na bado ni wa nthoni, na hajaona shida yoyote kuwa vyote viwili. Umbali huo huisha mkwe akimpelekea blanketi na mbuzi. Baada ya hapo anaweza kuja hata kulala kwako. Mwende alitaka nipeleke kabla hajajifungua, ili mama aje amsaidie na mtoto.

Sasa ugonjwa wangu ni kamera. Niko na moja ya zamani, zile ambazo sehemu ya ndani inayoshika picha ni ndogo, na lenzi mbili. Ile fupi ilitosha nyumbani, lakini mbuzi aliye ng'ambo ya shamba alitoka kama mchwa. Ile ndefu ilimleta mbuzi, lakini sebuleni ilipata pua za watu tu. Na kubadilisha lenzi kwa ule upepo wa Kajiado ni kukaribisha vumbi ndani ya kamera. Nikataka moja ya safari, inayofanya kazi zote. Nilimsumbua muuzaji mpaka akanichoka. Nilikuwa nimependa moja inayoanzia milimita ishirini na nne, akanikataza.

"Hiyo imetengenezewa kamera kubwa. Kwa yako itavuta karibu zaidi, utajipata umeegemea ukuta na watu bado hawaingii. Chukua hii ya kumi na nane mpaka mia moja arobaini. Hutawahi kuitoa."

Mwende aliposikia aliniangalia tu. "Nunua blanketi kwanza. Hiyo lenzi iko na haraka ya kwenda wapi?"

"Blanketi tutapeleka safari ingine," nikamwambia. "Hata picha za familia ni heshima."

Nikanunua lenzi. Ndiyo, kwa pesa ya blanketi.

Tukaenda Kimuka. Sebuleni baba mkwe, mashemeji na shangazi wote waliingia kwenye picha moja, nikajisifu kimoyomoyo. Mama hakuwepo, alikuwa jikoni kama kawaida nikija. Baada ya chakula nikakaa nje kando ya tangi la maji na baba mkwe, naye akasinzia. Mama akatoka nyuma ya jikoni, mbali, ng'ambo ya boma la mbuzi, akidhani wanaume bado tuko ndani. Akavua kitambaa cha kichwa aoshe nywele. Mwanambuzi akakinyakua, wakaanza kuvutana, na mama akacheka.

Sijawahi kumwona mama mkwe akicheka. Kusema ukweli, sikuwa nimewahi kumwona uso vizuri. Nilijua napaswa kutazama chini. Badala yake nikazungusha lenzi mpaka mwisho, nikamvuta mpaka nikaona mvi zake, na mwanya wa meno ya mbele kama wa Mwende. Nikapiga. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nasema hivyo nikiona aibu.

Ujinga wangu haukuishia hapo. Nikaichapisha, nikaitia fremu, nikamtuma shemeji ampelekee mama iwe zawadi, nikidhani itashika nafasi ya blanketi. Shemeji anasema mama aliitazama sana, halafu akauliza, "Alikuwa amesimama wapi?"

"Hapo kwa tangi."

"Wacha. Mtu wa kwa tangi hawezi kuona mwanya wangu. Huyu alinikaribia, na blanketi hajaleta."

Akaigeuza ikaangalia ukuta, akasema Kitengela hatakuja, mtoto azaliwe asizaliwe.

Mwende aliponiuliza, nikadanganya. Nilisema nilikuwa nalenga mbuzi, mama akaingia tu kwenye picha. Akaniamini. Akampigia mama yake simu akanitetea mpaka wakakosana, na tangu hapo hawajaongea. Anashinda akijishika kiuno na kulia, nami nampikia uji kama mume mwema.

Juzi baba mkwe akapiga. "Njoo Jumapili useme kwa mdomo wako. Kama ilikuwa bahati mbaya, mama yenu amesema imeisha, atakuja huko hata kesho. Kama ulimwangalia ukijua, lete blanketi na mbuzi, wazee wakae, uombe msamaha."

Uongo utamleta mama kesho. Ukweli utamchelewesha, na utamwonyesha Mwende kwamba aligombana na mamake bure. Blanketi nimeshanunua, nimeificha kwenye karakana nyuma ya vyuma. Jana nilitaka kwenda kumwambia Mwende, nikampata kitandani akiitazama hiyo picha kwenye simu yangu.

"Angalia vile mum anacheka," akasema. "Ungekuwa unamwangalia yeye, angejua. Hangecheka hivi."

Nikaitikia kwa kichwa. Wenzangu mlio na wakwe, Jumapili ndiyo hii inakuja. Nianze kusema ukweli kwa nani, na nianze na neno gani?