Sahani ya Mgeni

Mimi tangu utotoni nina kiherehere, silikatai hilo. Wenzangu walikwenda wakitumwa. Mimi nilikwenda hata sijatumwa. Ndiyo maana kisa hiki kilinikuta mimi, si dada zangu.

Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliletwa kwetu Magomeni kutoka Mahurunga akiwa amekonda, anakohoa. UKIMWI majirani hawakuthubutu kuutaja. Walinong'ona tu kwamba amekanyaga miwaya. Nilishangaa kweli! Kule Mahurunga umeme wenyewe hakuna, sasa hiyo miwaya kaikanyagia wapi? Nikamuuliza mama, nikala kofi, nikabaki na swali langu.

Mama alimuuguza kwa moyo wote, hilo nitalisema hata mbele ya Mungu. Alimwogesha, akambeba mgongoni kumpeleka msalani, akamkanda miguu. Ila alimtengea sahani moja ya bati yenye maua mekundu, nzuri kuliko vyombo vyote vya mle ndani. Sisi tulikula sinia moja na mama. Mama mdogo alikula kwenye sahani yake, peke yake. Ilioshwa mbali na vyombo vingine, kwa maji ya moto, ikaanikwa dirishani. Siku moja niliigusa, mama akanichapa mkono. "Ya mgeni hiyo!" Basi mimi nikajua ni heshima. Nilimwonea mama mdogo wivu, jamani, wivu wa kweli.

Ramadhani ikaingia. Kila Alhamisi wanawake wa mtaa walifuturu pamoja uani kwa mwalimu wetu wa madrasa, mama mtu mzima, mwenye sauti ya upole na fimbo isiyo na upole wowote. Kila nyumba ilipeleka chakula, watu wakakaa wanne wanne kwenye sinia. Mama mdogo alikuwa amepata nafuu kidogo. Akasema, "Dada, Alhamisi hii naomba na mimi nikafuturu na watu. Nimechoka kula na ukuta." Mama alichochea moto weee, mwishowe akasema haya, twende.

Tulipofika, mwalimu akamkaribisha kwenye sinia lake pamoja na wanawake wengine wawili. Palikuwa na muhogo wa nazi, mbaazi na tende. Mama mdogo akawa anacheka. Tangu aje kwetu sikuwahi kumwona akicheka. Nami nikamwangalia, nikaona kuna kitu kimesahaulika. Nikachomoka mbio hadi nyumbani, nikarudi nahema, nimeikumbatia ile sahani.

"Mama mdogo, umesahau sahani yako!" nikapaza sauti, wote waione. "Mama hataki ule kwenye vyombo vingine!"

Wale wanawake wawili wakarudisha mikono yao mapajani. Mama mdogo akainamisha kichwa, tonge bado liko mkononi. Husemwa mdomo uliponza kichwa, lakini wangu ulikiponza kichwa cha mwenzangu, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Mwalimu akaipokea sahani. Nilidhani atanisifu. Akachota muhogo palepale alipokuwa anakula mama mdogo, akauweka kwenye sahani, akala. Hakutoa mawaidha. Alisema tu, "Bismillahi, karibuni," akampa aliyekuwa pembeni yake. Yule akasita, kisha akala. Sahani ikazunguka ua wote. Mmoja alisema eti udhu umemtoka, akaondoka moja kwa moja. Wengine walikunja uso kama wanaokunywa mwarobaini, lakini walikula.

Ikafika kwa mama.

Aliishika kwa mikono miwili, mikono ileile iliyomwogesha mdogo wake asubuhi. Watu wote wanamtazama. Hakula.

Mama mdogo ndiye aliyenyanyuka taratibu, akaitoa sahani mikononi mwa mama. "Mwacheni dada yangu," akasema. "Tumbo linamsumbua tangu jana."

Tumbo gani? Mama alikuwa mzima kabisa. Nilitaka kusema, ila safari hii niliumeza ulimi wangu.

Kesho yake magharibi mama mdogo alikuja akaketi nasi watoto kwenye sinia. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyemzuia. Mama akaichukua sahani ya maua, akajipakulia, akaenda kukaa nayo mlangoni. Ikawa hivyo kila siku. Alikuwa anajiadhibu? Au bado aliogopa kutia mkono sinia moja na mdogo wake? Nimeligeuza jambo hili miaka yote na sijalielewa, na mama amekufa hakunieleza.

Jioni ile ya kwanza nilimuuliza, kiherehere mimi.

"Mama, kwani sasa mgeni ni wewe?"

Nikajikunyata kungoja kofi. Halikuja.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Kula."