Kadi ya Mbaluka na Ng'ombe wa Ivyne

Mbaluka alikuwa na wivu, na wivu wake ulikuwa na jina: Ivyne. Wengine humwonea wivu jirani aliyejenga. Yeye alimwonea mwanafunzi wake mwenyewe.

Miaka sita iliyopita Ivyne alitoka Kakamega hajui hata kusogeza herufi moja kwenye skrini. Mbaluka akamketisha kando yake katika studio ndogo mjini, akamfunza kuchezesha maandishi na michoro mpaka tangazo likapendeza. Leo Mbaluka anafanyia kazi sebuleni kwake Waithaka, kadi za harusi zinazometameta kwenye simu na matangazo ya kanisa. Ivyne yuko ghorofa ya sita Kilimani, na michoro yake inateleza kama uji wa maziwa. Hilo lilimkaa Mbaluka kooni.

"Si yeye, ni mashine," alimwambia mkewe, Kalekye. "Nipatie komputa kama yake, halafu uone."

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini tumhurumie kidogo, kwa maana kompyuta yake kweli ilikuwa imechoka. Ukitaka ikuonyeshe sekunde kumi za mchoro, inakwenda mbili, inasimama, inawaza maisha.

Kisha kampuni moja ya maziwa ikawaita wote wawili. Kila mmoja alete ng'ombe anayekimbia sekunde kumi, kufikia Ijumaa asubuhi, na atakayependwa apewe tangazo la skrini kubwa katikati ya jiji. Mbaluka aliitaka kazi hiyo kuliko chakula. Na zaidi ya kuipata yeye, alitaka Ivyne aikose.

Akauza kamera yake ya kupigia picha za harusi. Akaenda mtaa wa Luthuli mjini, kwenye duka la ghorofani la mtu aitwaye Kiragu, akanunua memori na kadi ya picha, ile sehemu inayoipa kompyuta nguvu ya kuchora.

"Leta mashine nikuwekee hapa hapa, boss. Dakika kumi tu," Kiragu alisema.

"Wee! Mimi nilianza kufungua komputa ukiwa nasari."

Nyumbani akavifunga mwenyewe ndani ya kompyuta, akarudisha waya wa skrini palepale ulipokuwa siku zote, akawasha.

"Umeona vile inateleza?" akamwuliza Kalekye.

Haikuteleza hata kidogo. Ila aliyeuza kamera yake huona anachotaka kuona. Wiki nzima akamwonyesha ng'ombe wake kila aliyebisha hodi, hata mwuza maji. Mwishowe akamwalika Ivyne, si kwa mapenzi, bali ili naye aonje wivu.

Ivyne akaja Jumatano na mkate na pakiti mbili za maziwa, akamkumbatia Kalekye, akaketi.

"Niaje, mwalimu? Nasikia umetuacha mbali."

"We tazama tu."

Ng'ombe kwenye skrini akaruka, akakwama hewani, miguu yote minne juu. Mbaluka akakohoa. "Leo stima iko chini," akasema.

Ivyne alichungulia nyuma ya kompyuta mara moja tu. "Ngojeni, hereni yangu imeanguka," akasema, akainama. Skrini ikawa nyeusi, kisha ikawaka. Mbaluka alimwona vizuri sana: alikuwa ameuchomoa waya wa skrini kwenye tundu la zamani na kuuchomeka kwenye kadi mpya. Wiki nzima kadi ilikuwa imelala, picha zikipitia njia ya kale. Na hereni zote mbili zilikuwa masikioni mwa Ivyne.

"Mashine ya mwalimu ni noma," Ivyne akamwambia Kalekye. "Mimi bado niko na laptop nzee ya ofisi. Inakwama hadi nataka kulia."

Laptop nzee! Mbaluka angeweza kumsamehe kama angemcheka. Kumsitiri ndiko kulikomchoma.

Na sasa ng'ombe alikimbia bila kukwama popote, na kwa mara ya kwanza Mbaluka akamwona sawasawa. Miguu ya nyuma ilichelewa, mgongo haukupinda. Alikimbia kama meza inayosukumwa. Muda wote ule kukwama ndiko kulikokuwa kunamfichia aibu.

"Mwalimu," Ivyne akasema polepole, "nikuonyeshe kitu kidogo kwa hiyo miguu?"

Zilibaki siku mbili. Ilihitajika ndiyo moja tu. Mbaluka akaimeza.

"Iko sawa hivyo. Kunywa chai, inapoa."

Ivyne akamtazama Kalekye, kisha akanywa chai. Alipoondoka tu, Mbaluka akafunga mlango kwa kishindo.

"Umemwona? Ni wivu huo. Anataka kuniharibia ng'ombe."

Kalekye akakusanya vikombe, akavipeleka jikoni.

Ijumaa jioni ukaingia ujumbe kutoka kwa Annah, afisa wa ile kampuni. Walikuwa wamemchukua ng'ombe wa Ivyne. Kalekye alikuwa akichambua mboga za sukuma mezani.

"Wamesemaje, Baba Mutheu?" akamwuliza mumewe.

"Ati wangu anachechemea."

Kalekye, aliyekulia Mwala akichunga ng'ombe wa baba yake, aliendelea kuchambua majani.

"Anachechemea kweli. Hata mimi niliona, siku ile ile Ivyne alikuwa hapa."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeniambia hata mimi nakuonea wivu."