Mwanangu amebeba jina la baba mkwe, siruhusiwi kumkataza

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mawifi zangu wote wako humu na wanasoma kila kitu hata kama hawakomenti.

Nina miaka ishirini na saba, naishi Visiga na mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti. Tuna watoto wawili. Wa kiume anakaribia miaka mitatu, wa kike bado ananyonya. Huyo wa kiume ndiye aliyenifikisha hapa, ingawa kosa si lake, maskini.

Baba mkwe alifariki nikiwa na mimba ya huyu mtoto. Alipozaliwa wa kiume hakuna aliyeniuliza, akapewa jina la babu yake. Sikulalamika, ndivyo tunavyofanya. Mama mkwe anaishi Kisarawe, akaja kuniuguza arobaini nzima. Alinikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, na kila akimbeba mjukuu anamwita "mume wangu", ule utani wa bibi na mjukuu tunaoujua wote, anacheka huku machozi yanamtoka. Mimi kama mkwe siwezi kutamka jina la baba mkwe hivi hivi, kwa hiyo nikawa namwita mwanangu "Baba". Kwa kweli tulikuwa na raha.

Shida ilianza mtoto alipoanza kuwa na hasira. Akinyimwa kitu anajibwaga chini, anagonga kichwa sakafuni, anauma. Najua watoto wa umri huo wako hivyo. Lakini mtoto wa jirani akifanya hivyo anakatazwa, wangu anaombwa radhi! Tukienda Kisarawe au wakija kwetu, nikipandisha sauti kidogo mama mkwe ananikata, "We mwanamke, unamfokea mkweo?" Mawifi nao wanachekelea, "Marehemu naye alikuwa hivyo hivyo, hakupenda kupingwa." Akitaka soda anapewa. Akitaka rimoti anapewa akaitumbukize kwenye ndoo. Mtoto si mjinga. Akaanza kunijibu kifua mbele, "Mimi babu!" Wote wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao huku nimekereka.

Siku aliyomng'ata mdogo wake shavuni mpaka damu ikatoka, sikucheka tena. Nilipompeleka huyo mdogo kliniki kupimwa uzito, nesi akaona alama, akaniuliza. Nikamwaga yote pale pale. Akaniambia nikipiga kelele namwongezea moto, nikimpa kila kitu namharibu. Nipige magoti niwe sawa naye, nimshike mikono, nimwite jina lake, nimwambie, "Umekasirika, naona. Lakini hatuumi watu." Kisha nisubiri.

Nikajaribu. Nikapiga magoti, nikamshika, nikasema, "Baba, umekasirika," na ulimi ukaishia hapo. Jamani, unamwambiaje Baba hapana? Nilijisikia kama nakaripia kaburi. Kesho yake, tukiwa wawili tu uani, likanitoka jina lingine: Kheri. "Kheri, umekasirika. Lakini hatuumi watu." Alilia sana, akanipiga mateke, halafu akanyoosha mikono nimbebe. Sijawahi kumkumbatia vile tangu alipoanza kutembea. Basi likawa jina letu la siri, hata mume wangu hakulijua. Hasira hazikuisha, ila alikuwa anarudi kwangu, na mdogo wake hakumuuma tena.

Wiki iliyopita tulikwenda Kisarawe kwenye hitma ya marehemu. Ukoo mzima ulikuwepo. Mtoto akang'ang'ania mfuniko wa sufuria ya pilau, wa moto, akanyang'anywa, akajibwaga katikati ya wanawake. Mama mkwe akamwita, "Mume wangu, njoo kwangu." Hakusikia. Alikuwa anagonga kichwa, na mimi sikufikiri. Nikapiga magoti nikasema, "Kheri, umekasirika, naona." Akanyamaza taratibu, akanikumbatia shingoni.

Mama mkwe akauliza, "Kheri ndiyo nani?"

Mwanangu akajigusa kifua. "Mimi."

"Na babu je?"

"Babu amekufa."

Mama mkwe hakunitukana, heri angenitukana. Alijifunika uso kwa mtandio, akalia kama siku ya msiba wenyewe. Baadaye akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umeniulia mume mara ya pili." Yule mama aliyenikanda kwa mikono yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa ukoo umekata shauri. Mwezi ukiisha mtoto apelekwe Kisarawe akakae na bibi yake, eti mimi nina mtoto mchanga, nitapumzika. Mume wangu ananiambia, "Mpe mama muda tu, atapoa." Muda gani? Nikikataa, nimemnyima mjane faraja yake na ndoa yangu naiona inavyoyumba. Nikikubali, mwanangu anaenda kuwa marehemu moja kwa moja, ambaye hakatazwi na mtu wala hapigiwi magoti na mtu. Wifi mkubwa kanitumia sauti kwamba nikilitamka tena lile jina nisikanyage Kisarawe. Nimeahidi sitalitamka.

Jana asubuhi alitupa kikombe cha uji, akajibwaga kama kawaida yake. Nikapiga magoti, nikamshika mikono, nikafungua mdomo. "Baba" lilinikataa, Kheri nimeshakatazwa. Akaacha kulia mwenyewe, akanitazama, akaniuliza, "Mama, mimi nani?"

Nilimbeba tu, nikamfuta machozi. Wazazi wenzangu, na nyinyi mnaozijua mila zetu, naombeni ushauri bila matusi. Zimebaki siku chache. Akiniuliza tena, nimwambie yeye ni nani?