Pasi ya Baba

Baba yangu alikuwa mhasibu mjini Kisii, na kila Ijumaa alirudi nyumbani Manga mapema, kabla Sabato haijaingia. Alibadilisha shati, akachota makaa jikoni, akajaza pasi na kuanza kunyoosha nguo zetu zote: gauni la mama la kanisa, suruali za kaka zangu, sketi yangu ya shule ya Jumatatu. Kazi ya watu alikuwa ameiacha ofisini. Hapa alitaka mstari wa suruali unyooke, na asisumbuliwe.

Majirani waliopita na vikapu vya majani chai walimwona dirishani wakacheka. Walisema si bure, mama amemkalia chapati, yeye ndiye mume humo ndani. Mimi nilikuwa nawaka kwa hasira. Yeye aliwasalimia tu, akaendelea kunyunyizia kola maji kwa vidole.

"Mama yenu ameshinda shambani," alituambia. "Mimi nimeshinda kwenye kiti."

Hata stima ilipofika hakuiacha pasi ile, maana stima ya kwetu ilikuwa na mambo yake, taa zikizimika wakati wowote.

Alifariki mwaka jana. Asubuhi ya mazishi nilimkuta mama jikoni, gauni lake la kanisa liko mezani limejikunja, makaa yamewaka vizuri. Alikuwa ameshika pasi kwa mikono miwili, anaigeuzageuza. Mwanamke aliyewasha moto katika jiko lile tangu aolewe aliniuliza, kwa sauti ya chini, inafunguliwa wapi.